Kaunta ya marumaru imefubaa, nifanyeje?

Wakuu naombeni msaada, kaunta ya jikoni ni marumaru, ndimu ilimwagika ikaacha alama isiyong'aa, nimesugua na sabuni wapi, haitoki kabisa.

fundi_mawe: Pole mkuu, hilo si doa, asidi imekula jiwe lenyewe. Tafuta poda ya kung'arishia marumaru, weka maji kidogo, sugua kwa kitambaa mpaka ing'ae. Ila ukipitisha ukucha ukakwama, ita fundi mwenye pedi za almasi. Na siki usiguse kabisa!

mama_K: Na mafuta je? Granaiti yangu ina doa jeusi pembeni ya jiko.

fundi_mawe: Mama, koroga baking soda na maji iwe nzito kama siagi ya karanga, paka, funika na nailoni masaa 24, funua ikauke ndo ufute. Rudia, mafuta hutoka taratibu.