Wageni wa kujitolea vijijini: wajenge, wakae na watoto, au watume fedha tu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juni hadi Agosti vyuo vya Ulaya na Marekani hufungwa, na vijiji vya Kilimanjaro na Arusha hupokea vikundi vya vijana wa kujitolea. Asubuhi wanajenga nyumba ya mjane au darasa, mchana wanacheza na watoto wa kituo cha kulelea watoto. Msimamo wangu ni kwamba halmashauri zikatae utaratibu huu na kupokea fedha tu.

Hesabu ni hii. Watu 10, kila mmoja akitumia dola 2,000 za tiketi, malazi na ada ya wakala, ni dola 20,000. Dola moja ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 50. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za UVIKO-19, darasa moja lilitengewa milioni 20. Safari moja ya wiki mbili ni madarasa mawili na chenji ya madawati, na mafundi wetu wanalipwa. Mwenye hoja ya kupinga aje.

Mwashi wa Hai

Mkuu, hesabu yako ni sahihi kwa fedha ambazo hazipo. Kijana hatoi dola 2,000 akabaki kwao. Anazitoa kwa sababu anasafiri. Tuulize kazi yenyewe inakwendaje.

Chukua nyumba ya mita 6 kwa 4, vyumba viwili, kuta za mita 2.5. Ukitoa milango na madirisha unabaki na ukuta wa mita za mraba kama 53. Tofali la inchi 6, lile la 18 kwa 9, yanaingia 9 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo andaa 500 pamoja na ya kuvunjika, mbali na ya msingi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe matofali 30 hadi 35. Anayetoa 50 anauza mchanga. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 10 ni mita za ujazo 2.4, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko kama 15. Bati za mita 3 ni 20 hivi.

Sasa fundi mmoja na saidia wake anapanga matofali 100 mpaka 150 kwa siku. Kuta zote hizo ni kazi ya siku nne au tano. Vijana kumi wakizunguka ukuta huo hawaharakishi chochote. Kozi, yaani mstari wa matofali, ikitoka kwenye timazi kwa sentimita mbili, fundi anasubiri wapande gari jioni, anabomoa, anapanga upya. Saruji imeshakwenda, na kwa heshima hakuna anayewaambia.

Kubwa zaidi ni kalenda. Kikundi kina siku 10 na kinataka kuondoka na picha ya paa. Tofali jipya linatakiwa limwagiliwe siku 7 kabla halijaguswa. Zege la mkanda unaozunguka juu ya kuta nalo linataka angalau siku 7 za maji, na mbao za chini ya linta, zege la juu ya milango na madirisha, zisitolewe kabla ya wiki mbili. Ukipaua siku ya tatu baada ya kumwaga mkanda, nyufa za juu ya madirisha utaziona msimu wa kwanza wa mvua, na wao wako kwao.

Mratibu wa wageni

Mwashi umesema kweli, lakini hayo ni makosa ya ratiba na dawa yake inajulikana. Msingi, matofali na boma, yaani kuta zisizo na paa, vikamilike kabla wageni hawajafika. Wao wachekeche mchanga, wabebe maji, wajaze kifusi, wapige rangi, wachimbe shimo la choo. Nondo, kona, mkanda na kenchi za paa visiwe vya mgeni hata kama amesomea uhandisi, labda awe anafanya kazi hiyo kwao kila siku. Wageni wasizidi watatu kwa fundi mmoja, na fundi alipwe kiwango cha soko, asiambiwe kwamba naye anajitolea. Nusu ya fedha za vifaa iingie kwenye akaunti ya kijiji miezi miwili kabla.

Mleta mada amesahau pia kwamba nguvu za wananchi ni jambo letu la zamani. Upareni watu wanatoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, boma linapanda mpaka kwenye linta, kisha linakaa miaka likisubiri bati. Mgeni anayekuja kukamilisha boma ambalo wananchi wamelianza hajamnyang'anya mtu kazi.

Mjumbe wa kijiji

Mbona hakuna anayetaja ardhi? Nyumba ya mjane ndiyo inayopendwa kwenye picha, na ndiyo yenye mgogoro. Kiwanja mara nyingi ni cha ukoo wa marehemu. Nyumba ikiwa ya tope, hakuna anayeitamani. Ikishapigwa bati na jamvi, mashemeji wanakumbuka kwamba ardhi ni ya baba yao, na mama anajikuta amejenga kwa ajili ya wengine.

Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji: kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, mipaka ipimwe mbele ya majirani, halmashauri ya kijiji ipitishe, na hati ya haki miliki ya kimila itoke kwa jina la mama chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hati ikichelewa, ujenzi usubiri. Na mkutano mkuu wa kijiji ndio uchague mnufaika. Wakala akichagua yeye, atamchagua mwenye nyumba iliyo karibu na barabara.

Kwa darasa, mchoro na makadirio yatoke kwa mhandisi wa halmashauri. Tena jengeni vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini hakuna mfadhili anayetaka kupiga picha na tundu la choo.

Afisa ustawi mstaafu

Ujenzi unarekebishika: ukuta mbovu unabomolewa. Naomba tuutenganishe na suala la watoto.

Mtoto wa miaka mitatu aliye kituoni anahitaji mtu yuleyule amlishe, amuogeshe, amlaze, leo na mwakani. Anapoletewa mtu mpya kila wiki mbili, ambaye anambeba mgongoni kutwa kisha anatoweka, anajifunza kumkimbilia yeyote anayeingia getini. Wageni huona ni upendo. Ukweli ni kwamba mtoto mdogo anayemrukia mtu asiyemjua bila kusita ni dalili ya malezi yaliyokatika, na ndiye rahisi kudhuriwa.

Pia wengi wa watoto hao si yatima kamili. Wana mama, bibi au mjomba. Wamepelekwa kwa sababu ya ada, chakula au ugonjwa. Kituo kinachoishi kwa wageni hakina haraka ya kumrudisha mtoto nyumbani, kwa sababu vitanda vikiwa wazi wageni hawaji. Australia ilipotunga sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, suala la watoto kuingizwa vituoni kwa ajili ya fedha za wageni lilikuwa mezani.

Mgeni mwenye ujuzi halisi, mfano mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa watoto wenye ulemavu, amfundishe mlezi, asimshike mtoto badala yake. Akae miezi, si siku. Na aje na vibali: viza ya utalii ya dola 50, au 100 kwa Mmarekani, haimruhusu kufanya kazi hata isiyo na malipo. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho cha wanaojitolea.

Msomaji wa Kilifi

Huku kwetu pwani ya Kenya, kuanzia Watamu mpaka Diani, vituo na hoteli vimekua pamoja, kwa hivyo naelewa asemalo mama. Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, na sasa kuna mkakati wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unaolenga watoto warudi katika familia.

Kuhusu ukaguzi, someni kesi ya Gregory Dow, Mmarekani aliyeendesha kituo Boito, Bomet. Mwaka 2021 alifungwa kwao zaidi ya miaka 15 kwa kuwadhulumu watoto kingono. Tayari mwaka 1996 alikuwa amekiri kosa la kingono huko Marekani. Cheti cha polisi kutoka kwao kingelionyesha. Mwingereza ana cheti maalumu cha wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje, ICPC, kinachotolewa na ACRO, ofisi ya kumbukumbu za polisi ya Uingereza. Asiye nacho asiingie getini, hata kama amekuja na marobota ya nguo.

Mratibu wa wageni

Shikamoo mama. Nakubali cheti, nakubali muda. Lakini wageni wakikatazwa Jumatatu, Ijumaa kituo kitapika nini? Mchele, mishahara ya walezi na karo vinatoka hukohuko.

Afisa ustawi mstaafu

Marahaba. Ndiyo maana sikusema kifungwe Jumatatu. Kituo kikifungwa ghafla watoto hurundikwa kingine au huachwa stendi. Kila mtoto awe na jalada, familia itafutwe, afisa akague nyumba, mtoto aende wikendi kwanza, ndipo ahamie, na fedha iliyokuwa ya kitanda chake imfuate: sare, bima, mtaji mdogo wa mama. Ufuatiliaji mwaka mzima. Mfadhili anayekubali kulipia hayo bila kukumbatia mtoto yupo, ila lazima aombwe hivyo tangu mwanzo. Mkiona dalili za dhuluma, pigeni simu ya msaada kwa watoto, 116, ni bure, Tanzania na Kenya.

Mwalimu wa la tatu

Na darasani je? Kila kikundi kinafundisha rangi na namba moja hadi kumi. Kikundi kinachofuata kinaanza tena na rangi. Mwalimu amekaa nyuma, muhtasari wa somo haujasogea, na mtihani haungoji. Waje baada ya saa za masomo, wafanye michezo, mwalimu akiwapo.

Mleta mada

Nalegeza kwenye ujenzi, siyo kwenye vituo. Ila Mratibu hajagusa suala la maji ya zege alilolitaja Mwashi. Wageni wakiondoka nani anamwagilia mkanda?

Mwashi wa Hai

Awekwe kwenye makadirio kama fundi mwingine yeyote. Kibarua mmoja, asubuhi na jioni, siku 14, pamoja na pipa mbili na gharama ya kuchota. Juu ya mkanda alaze magunia yaliyolowa, maana jua la Agosti linakausha zege kabla ya saa nne. Mratibu akileta bajeti isiyo na mstari huo, mjumbe asisaini.