Naomba ushauri: mama kutapika mezani wakati wa upasuaji wa kujifungua

Ndugu wataalamu wenzangu, habari za kazi. Mimi ni mtoa dawa za usingizi, na ninasumbuliwa na tatizo la akina mama kutapika wakati wa upasuaji wa kujifungua, wakiwa wamechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni.

Hali hii hutokea katika nyakati mbili. Ya kwanza ni dakika chache baada ya ganzi, presha inaposhuka: mama hupiga miayo, midomo hupauka, kisha husema roho inamchafuka hata kabla mashine haijaonyesha kipimo kipya. Hapo nimepata nafuu kubwa kwa kumlaza akiwa ameegemea kidogo ubavu wa kushoto, kumwongezea maji ya mishipa kwa kasi, na kuanza fenilefrini (dawa ya kupandisha presha) mapema bila kusubiri presha ianguke.

Kinachonishinda ni wakati wa pili, mtoto akishatoka. Mfuko wa uzazi hutolewa nje ya tumbo ili ushonwe, na mama hutapika ilhali presha yake ni nzuri. Mimi humpa metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika) miligramu 10 kabla ya kuanza, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) huipitisha polepole, na ergometrini, yenye kazi hiyo hiyo, huiepuka kwa kuwa nayo hutapisha.

Naomba kuuliza: je, mnaongeza ondansetroni, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, miligramu 4, na mnaitoa wakati gani? Pia, mnazungumzaje na daktari mpasuaji ili mfuko wa uzazi ushonwe ukiwa ndani? Inaniuma kuona mama akigeuza uso kutapika wakati ambapo mtoto analetwa amwone.