Mzee anaburuta miguu, na ucheshi umepotea

Mkwe wa Jinja: Jamani, baba mkwe ana miaka 71. Tangu Ramadhani anatembea kama miguu imegandishwa sakafuni, mkojo unamponyoka, na utani wake wote kwisha. Jirani anasema karogwa. Ni uzee tu?

Muuguzi, Mbale: Pole dada. Mambo hayo matatu yakija pamoja, mpigisheni picha ya kichwa. Huenda ni maji ya ubongo. Hutengenezwa kama nusu lita kwa siku. Yasipofyonzwa vizuri, vyumba vya ubongo vinavyobeba maji hayo hutanuka. Daktari Hakim, mpasuaji wa ubongo wa Kolombia, aliieleza hali hii mwaka 1965. Baadhi hupata nafuu wakiwekewa mrija wa kuyashusha tumboni.

Bodaboda: Si ugonjwa wa watoto wenye vichwa vikubwa?

Muuguzi, Mbale: Hata wazee. Ila fuvu lao limeshafunga, kichwa hakivimbi.

Mkwe wa Jinja: Leo kaweka viatu kwenye friji. Kesho tunampeleka.