Maadui wanaoishia kupendana: busu liingie sura ya ngapi?

Habari wadau. Riwaya ya fantasia, sura 30: mlinzi wa malkia na mchawi wa upande wa pili, wote wanawake. Walioisoma rasimu wanasema busu la sura ya 9 limekuja ghafla. Nirekebishe wapi?

— Dada, anza na chanzo cha uadui. Kama ni matusi tu, mapenzi hayatakuwa na uzito. Kama mmoja kamuua kaka wa mwenzake, sura 9 hazitoshi kabisa. Heshima itangulie: mlinzi amwone mchawi akimfunga mateka jeraha bila kuombwa, akichana upindo wa nguo yake mwenyewe. Kisha waaminiane kwa shida. Busu lisogee hadi sura ya 18 hivi.

— Naunga mkono, ila kila hatua iwe na gharama. Akimwokoa adui, apoteze cheo. Katika riwaya ya This Is How You Lose the Time War (2019), majasusi wawili wa kike wa pande hasimu wanaandikiana barua, na kila barua ni uhaini.

— Na kama dunia yako haikatazi wanawake kupendana, usiibue marufuku hiyo katikati ya kitabu. Vita vinatosha kuwa kikwazo. Kosa litajwe waziwazi kabla ya msamaha.