Kikundi cha Wanamtaa Kariakoo: Picha za Zamani Zitoke Kabatini

*Mjumbe:* Asalaam aleikum, habari za jioni wanamtaa. Desemba 9 mwaka huu Uhuru unatimiza miaka 65. Naomba safari hii tusikae kusubiri fulana na kofia. Kila nyumba itafute picha ya zamani ya mtaa wetu, tukusanye, tuzitundike barazani siku hiyo watu wazione.

*Baba Rama:* Barazani kwa nani, Mjumbe? Nyumba zenye baraza zimebaki za kuhesabu, kwingine kote ghorofa. Wanangu wanadhani Kariakoo ilizaliwa na fremu zake 😂

*Kijana wa Duka la Simu:* Shikamooni wakubwa. Mi naona tuchange tuchapishe bango kubwa la Mwalimu Nyerere, tumalize.

*Mzee wa Kona:* Marahaba. Mwalimu ana nyumba yake Magomeni, ni makumbusho siku nyingi. Fundi cherehani wa mtaa huu aliyeshona sare za watoto wetu wote, yeye ana nini? Hata jina lake nyie hamlijui.

*Kijana wa Duka la Simu:* Hapo umenishika mzee 🙌🏾

*Mama Zuwena:* Wazo zuri, lakini mimi picha sitoi. Alikuja kijana na kitambulisho shingoni, eti utafiti, akaondoka na picha ya harusi ya marehemu mama. Mpaka leo namba haipatikani.

*Dada Mwalimu:* Pole mama. Picha isitoke nyumbani kwa mtu. Tunakuja na simu, tunaipiga hapohapo karibu na dirisha, flashi imezimwa maana inaacha doa jeupe. Tunapiga mbele na nyuma, maana nyuma ndiko walikoandika majina. Picha isiyo na majina baada ya miaka kumi ni watu wamesimama tu.

*Mama Zuwena:* Kwa hivyo sawa. Na asiyetaka picha yake itundikwe aachwe, msije mkalazimishana.

*Mzee wa Kona:* Msisahau Lumumba. Zamani tukiita New Street, ofisi ya TANU ilikuwa pale. Chama kilizaliwa Julai 7, 1954. Vijana wa siku hizi Saba Saba wanajua maonyesho ya biashara na aiskrimu.

*Mjukuu wa Bi Mkubwa:* Bibi yuko hapa, anasema niandike anavyosema yeye:

"Mkesha ule tulikwenda kwa miguu mpaka uwanjani, huo mnaouita Uwanja wa Uhuru. Viatu nimevishika mkononi, vya kuazima, naogopa visikanyagwe. Saa sita usiku taa zikazimwa. Zilipowaka, bendera ni nyingine. Watu wakalia, na mimi nikalia, sijui nalilia nini."

*Baba Rama:* Allahu akbar. Mwambie aendelee.

*Mjukuu wa Bi Mkubwa:* "Na nyie wanaume acheni kujisifu peke yenu. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba kabla hajawa jina la barabara. Wanawake wa ngoma ndio walioingia uani, nyumba kwa nyumba, kuandikisha wenzao TANU. Kadi ya mama yangu ninayo, imekunjika pembe, na siitoi."

*Dada Mwalimu:* Bibi tunakuomba tukurekodi sauti! Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1961 leo ana 80. Tunaanza na wazee, picha zitafuata.

*Mjumbe:* Imepita. Jumamosi baada ya alasiri, kwa Bi Mkubwa. Watatu tu, msiende kumjazia sebule.

*Mjukuu wa Bi Mkubwa:* Anasema njooni, ila kadi ataishika mwenyewe mkipiga. Na anauliza nani analeta sukari.

*Baba Rama:* Sukari juu yangu. Kijana wa simu alete chaja ndefu, soketi ya kule iko nyuma ya kabati.