Harusi Wete: madufu, kidumbak au taarabu?

BintiJadida
Assalaam alaykum. Harusi ya mdogo wangu wa kike hapa Wete, Pemba, imekaribia na nyumbani hatujakubaliana. Mama anataka madufu, zile ngoma bapa za mkono, na kasida tu. Rafiki zake bibi harusi wanataka kidumbak. Shangazi wa Unguja yeye kashikilia taarabu. Nipeni ushauri.

Mzee wa Mkoani
Waalaykum salaam. Mwanangu, hujasema ni ukumbini au uwanjani, wala kama wanaume watakuwepo. Na shughuli ipi hasa? Nikahi haina ngoma. Zafa, yale maandamano ya kumsindikiza bwana harusi, hapo ndipo madufu yanapopendeza, lakini usiku wa wanawake ni jambo jengine.

Fidla_Ng'ambo
Kidumbak! Fidla, sanduku la besi, vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa za kutikisa na vijiti vya mkwasa, basi watu wanacheza mpaka wachoke, hata umeme ukikatika. Taarabu asilia inataka kanuni, udi, akodiani, fidla kadhaa, besi na waitikiaji. Wote hao wavuke bahari, walale, wale. Nani atalipa?

Mama wa Chake
Mimi nitasema lililotukuta kwa mtoto wa dada yangu. Tulikodi kikundi cha rusha roho, taarabu ya kisasa, tukakubaliana waanze baada ya isha. Wamekuja usiku umeshakwenda, spika zinakoroma. Kufika katikati, jamaa wa upande mmoja wakaanza kumtunza mwimbaji pesa arudie wimbo mmoja wa mipasho, na kila akiurudia wanawaelekea wakwe kwa vidole. Upande wa pili nao wakatoa pesa, wakaomba wao wimbo wa kujibu. Bibi harusi yuko jukwaani analia, wanda la macho limemchuruzika, mama mkwe keshavaa buibui anataka kuondoka. Mpaka leo familia zile zinasalimiana kwa shida. Ukikodi kikundi chochote, nyimbo zitajwe mapema, na mwimbaji aambiwe hakuna kurudia kwa ajili ya tunzo.

Fidla_Ng'ambo
Pole sana bibi. Lakini hayo usiyabebeshe taarabu yote. Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja, wapo tangu 1905, na asilia haijengwi juu ya kutukanana.

Mzee wa Mkoani
Na wao walianza kwa kuimba Kiarabu. Mwimbaji Siti binti Saad ndiye aliyekifikisha Kiswahili mbali, aliporikodi santuri Bombay mwaka 1928.

Fidla_Ng'ambo
Mzee, Kiswahili kiliimbwa mitaani kabla ya santuri. Santuri zilikieneza tu.

Somo wa Micheweni
Mnazungumza Unguja tupu, na harusi ni ya Pemba! Msewe, ngoma yetu, mmeusahau? Na kirumbizi, vijana wakipigana fimbo kwa mdundo wa ngoma? Harusi zetu zilikuwa hivyo.

BintiJadida
Ahsanteni. Ni uwanjani kwetu, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, usiku wanawake watupu. Zafa itakuwa alasiri.

Mama wa Chake
Basi zafa mpe mama madufu yake, hapo hamna ugomvi. Usiku wanawake watupu, je, hao wapiga kidumbak wanaume watakaa wapi?

Fidla_Ng'ambo
Pazia. Tumepiga nyuma ya pazia mara nyingi.

Somo wa Micheweni
Pazia la nini? Wanawake wa Pemba wanajua kupiga ngoma wenyewe. Binti, ulizia kwanza hapo hapo Wete.