Kijana wa form two nimpe hela ya mwezi mzima au niendelee na buku mbili kila asubuhi?

Mama_Tabata:
Habari zenu wakuu, naomba mawazo kabla shule hazijafunguliwa. Kijana wangu anasoma day hapa Dar, kila asubuhi namwachia buku mbili mezani, anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mia mbili mbili hiyo ni mia nane, inayobaki anakula chapati maharage shule. Sasa anasema kachoka kuombaomba kama mtoto wa chekechea, wenzie wanatumiwa ya mwezi kwenye simu na yeye anataka hivyo hivyo. Mi naona ana hoja ila baba yake kagoma kabisa, anasema kumshikisha dogo elfu arobaini kwa mpigo ni kumtafutia ubaya. Na zikiisha tarehe 10 nafanyaje, siwezi kumwacha na njaa jamani.

Kibubu_cha_Mbao:
Dada usitoke siku ukaruka hadi mwezi. Mpe ya wiki, Jumapili jioni, elfu kumi cash. Wangu nilianza nae hivyo, kufika Jumatano hana hata mia, kumbe kawanunulia washkaji soda na chipsi mayai pale nje ya geti aonekane bosi. Nikampa nauli tu, ya kula sikumpa, nikamwambia viazi viko jikoni amka mapema uchemshe ubebe. Alininunia huyo! Wiki iliyofuata nikamkuta anazitenga mwenyewe, nauli mfuko wa shati, ya kula kwenye soksi. Saa hivi nampa ya wiki mbili.

Kaka_Hosteli:
Mwambie mzee aulize wanachuo habari ya boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Bodi ya mikopo inahesabu elfu 10 kwa siku ya kula na malazi, ila inaingia ya miezi miwili kwa pamoja, sasa mtu hajawahi kushika hata laki moja yake tangu azaliwe leo ana karibu laki sita unategemea nini, wiki ya kwanza ni kuku na raba mpya, mwezi haujaisha yuko pasi ndefu anazunguka vyumbani anaulizia nani kapika. Bora aunguze elfu kumi saa hivi akiwa kwenu.

Baba_Watatu:
Mi niko na baba. Hela siyo tatizo, tatizo simu. Kubeti mwisho wa chini ni miaka 18 ila laini imesajiliwa kwa NIDA ya mama, mfumo utajuaje anayebonyeza ni mtoto? Akiweka mikeka yake usiku hujui. Na akikopa Songesha, ule mkopo wa M-Pesa salio likipungua, deni linasoma kwako. Mpe cash, namba ya siri ibaki nayo mama.

Binti_Mlandizi:
Au mfungulieni akaunti, NMB wana Chipukizi ya vijana wa miaka 13 hadi 17. Ila hiyo iwe ya akiba, hela ya chapati haina haja ya kupita benki.

Mama_Tabata:
Baba_Watatu umenishtua, laini ni kweli iko kwa jina langu na namba ya siri kaiweka yeye, leo naibadilisha. Ila hamjamtaja bibi! Nikimnyima mimi, bibi yake Mbagala anamrushia buku tano, wala siambiwi.

Kibubu_cha_Mbao:
Bibi usimkataze, utakosana na mama mkwe bure. Mwombe akitaka kumpa ampe akienda kumsalimia, isiwe katikati ya wiki dogo akipiga simu ya njaa. Ukiziba kwako kwa bibi kukawa wazi umefanya kazi bure.

Mama_Tabata:
Asanteni sana. Naanza na elfu kumi Jumapili, baba yake kakubali ila anataka aone daftari la matumizi kila Jumamosi. Dogo swali lake la kwanza eti chenji ya sokoni nayo inaandikwa humo?